Nimelipia Hadi Ujiji

Wenzake wa chuo walimdanganya Mwanne Shigela, ingawa hawakukusudia. Walimwambia kwamba ukiuza gemu lako kabla hujalimaliza, wanaonunua ni watu wa mbali, watu wa Brazili na Korea ambao hutakaa uwaone maishani. Wanakulipa mapema, wanacheza hicho kipande kilichopo, wanakuandikia malalamiko, nawe unayasoma ukitaka na usipotaka unafunga kompyuta unakwenda kulala. Hakuna aliyemwambia kwamba gemu la Kiswahili, lililotengenezwa Tabora, litanunuliwa na watu wa Tabora. Na watu wa Tabora unakutana nao sokoni.

Gemu lenyewe aliliita Msafara. Mchezaji anakabidhiwa kundi la wapagazi wa Kinyamwezi pale Bagamoyo, pamoja na punda na mizigo ya shanga na vitambaa, kisha anaambiwa awafikishe Ujiji. Njiani yeye ndiye anayeamua. Atachagua kambi, atachagua kisima, ataamua ni mtemi gani alipwe hongo na ni yupi azungukwe kupitia porini. Wapagazi anawapa majina mwenyewe. Wakichoka wananung'unika, wakishiba wanaimba. Michoro yote ilikuwa ya Idrisa, kijana wa mtaa wa Ng'ambo hapo Tabora ambaye kabla ya hapo alikuwa akichora vinyozi na kuku wa kukaanga kwenye kuta za maduka, na ambaye alikuwa na kipaji cha kumchora mtu kwa mgongo tu ukajua amekasirika.

Bei waliiweka sawa na sahani ya chipsi mayai. Tangazo lilisema wazi kwamba gemu bado ni bichi, kwamba anayenunua leo anacheza huku linajengwa, na kwamba sehemu iliyobaki ataipata bure ikiwa tayari. Watu walinunua. Walinunua wanafunzi, madereva wa bodaboda, mafundi cherehani, walimu. Na kwa miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno. Kila wiki mbili Mwanne alikuwa akiongeza kipande: leo Ugogo, kesho Tura, keshokutwa lango la Tabora lenyewe, kisha misitu ya Urambo.

Hata makosa watu waliyapenda. Kulikuwa na kosa moja pale Tura, ambapo punda akilishwa mara mbili mfululizo alianza kupaa taratibu, miguu imening'inia, hadi akatulia juu ya mahema kama mwezi. Mwanne aliona aibu akalirekebisha. Kesho yake simu haikupumzika. "Mmemshusha punda wetu kwa idhini ya nani?" aliuliza fundi mmoja wa pikipiki, na sauti yake haikuwa ya utani. Ikabidi punda arudishwe juu.

Kisha msafara ukafika Malagarasi, na hapo ukakwama.

Mchezaji alifika ukingoni mwa mto na mbele yake akakuta weupe mtupu, kama karatasi, na katikati ya weupe ule kibao alichokichora Idrisa kwa haraka: MTO UNAJENGWA. TAFADHALI SUBIRI. Kilikusudiwa kukaa hapo wiki mbili. Mvua zikaja, zikaisha, tumbaku ikavunwa, ikakaushwa, ikauzwa, na kibao kikawa bado kipo.

Tatizo lilikuwa maji. Mwanne alitaka maji ya kweli, yanayotiririka, yanayong'aa jua likitoka na kusinyaa upepo ukipita. Alikuwa ameona maji ya namna hiyo kwenye magemu ya makampuni makubwa, na akaona haitakuwa haki watu waliovuka nchi nzima kwa miguu wafike wakute kitu cha ovyo. Basi akawa anajenga maji. Mara ya kwanza yalitoka kama turubai la bluu. Mara ya pili yalipanda kingo yakawameza wapagazi, punda na nusu ya msitu. Mara ya tatu yalikuwa mazuri kweli, lakini simu yoyote iliyojaribu kuyaonyesha ilipata moto kama pasi na kuzima. Akafuta, akaanza upya. Akafuta tena.

Huku nje nako watu walikuwa wakingoja. Aliyekuwa akiuza nyanya alimpimia fungu huku akiuliza, "Dada, mto lini?" Kondakta alimrudishia chenji akauliza mto lini. Siku moja jino lilimuuma akaenda hospitali, na daktari, alipokwisha kumdunga ganzi na kumtia vyuma mdomoni, akainama karibu na sikio lake akasema kwa upole, "Samahani, wewe si ndiye wa lile gemu? Ule mto vipi?" Mwanne hakuweza kujibu hata kama angetaka. Alitoa sauti fulani tu, na daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa maelezo ya kuridhisha.

Akaanza kupita vichochoroni. Akajifunza kujitanda khanga hadi kwenye nyusi. Shangazi yake Najiat, ambaye Mwanne alikuwa akikaa kwake na ambaye aliuza asali na karanga kibarazani, alifika mahali akamwuliza kama kuna mwanamume anamkimbia.

"Si mmoja, shangazi," alisema Mwanne. "Ni wengi, na wake zao."

Idrisa ndiye aliyekuja na njia ya kutokea. Alifika asubuhi moja amejaa furaha, akakaa kwenye gunia la karanga, akafungua daftari lake la michoro. Alikuwa amechora uwanja wa mpira wenye vumbi, magoli ya miti, na wachezaji pekupeku.

"Ndondo," alisema. "Gemu la mpira wa mtaani. Hakuna maji hata tone. Tunatangaza wiki hii, tunauza bichi kama tulivyouza lile, watu wanahamia huku, na Msafara unapoa wenyewe. Hakuna atakayeukumbuka."

"Na waliolipia?"

"Wamecheza hadi Malagarasi, Mwanne. Kwa bei ya chipsi! Mtu akila chipsi nusu sahani ana haki ya kurudi jikoni?"

"Kama nusu nyingine haikuletwa, anayo."

Idrisa akacheka, lakini hakulifunga daftari. Mwanne aliitazama michoro ile, na hilo ndilo lililomuuma baadaye: aliipenda. Aliona jinsi mpira utakavyodunda, aliona vumbi litakavyoruka, aliona vitu vyote anavyojua kuvifanya. Kuanza ni kutamu kila mara. Alisema watazungumza kesho, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali.

Kesho ilipofika, Fuso likaja.

Lilikuja saa tatu asubuhi, likaingia kwenye mtaa ule mwembamba wa Ng'ambo kwa kinyumenyume, likiwa limebeba magunia ya unga hadi juu, na likasimama mbele ya kibaraza cha shangazi Najiat likiwa limeziba njia yote. Bodaboda wakaanza kupiga honi. Mlango ukafunguliwa, akashuka mwanamke mnene wa miaka kama arobaini na mitano, suruali ya jinzi, kitambaa kichwani, rozari shingoni, na simu mkononi.

"Hodi hapa! Kwa Mwanne Shigela ni hapa?"

Mwanne alikuwa amekaa nyuma ya ndoo za asali. Aliinama zaidi. Shangazi yake, ambaye hakupewa taarifa yoyote ya kujificha, akamnyooshea kidole.

"Ndiye huyo hapo. Karibu mgeni."

"Shikamoo," alisema Mwanne, akiinuka.

"Marahaba, mdogo wangu. Mimi naitwa Veridiana Nijimbere, wa Ulyankulu. Nilipolipa kwenye simu lilitokea jina lako, ndiyo maana nimekupata. Ng'ambo yote wanakujua, nimeuliza mara moja tu." Akageuza simu yake. Kibao kilikuwa pale, kwenye weupe wake. "Nimelipia hadi Ujiji. Niko hapa tangu kabla ya Pasaka."

"Dada, nisamehe. Pesa yako nitakurudishia sasa hivi, hata—"

"Nani kazungumza habari za pesa?" Veridiana alishangaa kwa dhati. "Mimi nakuuliza mto. Una shida gani na mto?"

Honi zilikuwa zimeongezeka. Mtu mmoja wa bodaboda, aliposikia neno mto, alizima pikipiki yake akasogea asikilize.

Mwanne alieleza. Alieleza kuhusu turubai la bluu, mafuriko na simu zinazopata moto, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia anasema upuuzi. Veridiana alimsikiliza hadi mwisho, akakuna shingo.

"Malagarasi yenyewe umeiona?"

Mwanne alikuwa ameona video. Alikuwa ameona mito ya nchi tatu tofauti, kwenye skrini. Lakini yeye alizaliwa Tabora, alisoma Tabora na Dodoma, na upande wa magharibi hakuwahi kupita Usoke, alikokwenda mara moja kwenye msiba.

"Sijaiona."

"Basi chukua mtandio wako," alisema Veridiana. "Mimi napeleka unga Uvinza, nikirudi napakia chumvi. Mto uko njiani. Mama," akamgeukia shangazi Najiat, "namwazima binti yako, jioni atapanda basi arudi."

Shangazi Najiat alimkagua mgeni, rozari, Fuso na yote, akaona hakuna kasoro. "Mpeleke," alisema. "Amekaa ndani mno. Na mchukue asali ya njiani."

Fuso likatoka. Mwanne aliketi juu ya kiti kilichoshonwa upya kwa kitenge, dirisha halifungi, na mji ukaisha upesi kuliko alivyotarajia. Usoke ikapita, na mabanda yake ya kukaushia tumbaku. Ikapita Urambo. Veridiana aliendesha kwa mkono mmoja na kuzungumza kwa mwingine, na kabla hawajafika Kaliua alikuwa amekwisha kumpa mapendekezo yote aliyokuwa nayo kuhusu gemu, ambayo yalikuwa mengi na mabaya. Alitaka msafara uwe na honi. Alitaka pale Urambo wawepo trafiki. Alitaka wapagazi wakichoka sana waje kuchukuliwa na lori.

"Likija lori si gemu limekwisha, dada?"

"Lori liharibike njiani," alisema Veridiana, baada ya kufikiri.

Mwanne alicheka hadi akashika dashibodi. Alikuwa hajacheka na mnunuzi hata mmoja tangu mvua za mwaka jana. Ndipo akapata ujasiri wa kuuliza lile alilokuwa akijiuliza tangu walipotoka.

"Dada Veri, wewe njia hii unaipita kila wiki. Asubuhi uko Tabora, alasiri uko Uvinza, ukitaka Ujiji unafika. Sasa gemu la kwenda Ujiji kwa miguu unalitakia nini?"

Veridiana alibadilisha gia.

"Shika simu yangu," alisema hatimaye. "Fungua. Angalia wapagazi wangu."

Mwanne akafungua. Wapagazi walikuwa wamekaa ukingoni, mbele ya kibao, na punda wao. Akagusa wa kwanza, jina likatokea juu ya kichwa chake: Prosperi. Wa pili, Uwimana. Wa tatu, Reveriani. Tekla. Raymundi. Wote walikuwa na majina, na wote walikuwa wamevishwa vizuri, vitambaa vyekundu ambavyo mchezaji huvipata kwa shida sana kule Ugogo.

"Hao ni ndugu zangu," alisema Veridiana. "Wa tumbo moja. Wazazi wetu walitoka Burundi kama wakimbizi mwaka wa sabini na mbili, sisi tukazaliwa Ulyankulu. Tulikula sahani moja, sisi sita. Halafu ulipofika wakati wa kuchagua, wengine wakachukua uraia hapa, wengine wakarudi. Prosperi yuko Bujumbura. Uwimana yuko Kanada, analalamika baridi. Tekla aliolewa Mwanza. Reveriani na Raymundi wako Rutana, wanalima. Mara ya mwisho tulikaa wote sehemu moja, mama alikuwa hai."

Alikwepa shimo, akapiga honi kwa ng'ombe.

"Pale Uvinza foleni ya chumvi inaweza kuchukua siku nzima. Nakaa humu ndani, nafungua simu, naenda nao. Reveriani nimembebesha mzigo mkubwa kwa sababu alikuwa mvivu. Uwimana namweka karibu na moto. Wakishiba wanaimba, unajua mwenyewe, umeitengeneza wewe. Sasa umewaacha ukingoni tangu Pasaka, mdogo wangu. Mimi nikifungua nawakuta wamekaa tu, wananiangalia."

Mwanne alitazama ile michoro midogo. Idrisa aliwachora wapagazi waliopumzika wakitazama mbele, kwa sababu ilikuwa rahisi kuchora hivyo. Alirudisha simu mahali pake taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Walifika mtoni jua likiwa limeanza kuinama kidogo. Veridiana aliegesha Fuso kabla ya daraja, kwenye kivuli, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, wakateremka kwa kijia hadi majini. Mwanne alikwenda mbele. Aliyasogeza matete, akasimama, akatazama.

Alitazama kwa muda mrefu.

"Mbona hausogei?" aliuliza.

Malagarasi ilikuwa imelala. Ilikuwa pana, ya rangi ya chai ya maziwa, na imetulia kiasi kwamba jani lililokuwa juu yake lilionekana kama limebandikwa. Halikuwepo wimbi. Haukuwepo mng'ao wowote wa maana. Kulikuwa na matete, ndege mmoja mweupe, na mtumbwi uliofungwa kwenye mti.

"Unasogea," alisema Veridiana. "Ila hauna haraka."

Mwanne akaanza kucheka. Akachutama kwenye majani, akatia mkono ndani ya maji yale ya kahawia, na akazidi kucheka, huku machozi yakimtoka, kwa sababu mwaka mzima alikuwa akipigana na mawimbi ambayo hayakuwahi kuwepo. Angeweza kuujenga mto huu kwa asubuhi moja. Idrisa angeweza kuuchora kwa brashi ya ukutani.

Sauti ya kicheko ikamtoa mtu kwenye matete. Alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti la suti lisilo na vifungo na kaptura, mkononi ameshika mtungo wa perege watano. Aliamkiwa, akaitikia, akasema anaitwa Mahona na kwamba mtumbwi ule ni wake.

"Samaki hao kiasi gani?" aliuliza Veridiana.

Mahona akataja bei. Veridiana alishika kifua kama aliyepigwa.

"Hao perege au hao ng'ombe?"

"Mama, hawa nimewatoa sasa hivi. Huyu bado anahema, mwangalie."

"Anahema kwa sababu ameisikia bei. Nakupa nusu."

"Nusu nitamlisha nani? Nina wajukuu."

"Mimi sina? Twende zetu, Mwanne." Akageuka, akapiga hatua kubwa kuelekea kijiani. Mahona alitazama kwingine, akaanza kumzungumzia yule ndege mweupe, kwamba siku hizi wamepungua. Veridiana akasimama kumwangalia ndege. Mahona akapunguza kidogo. Veridiana akaongeza kidogo, lakini akasema samaki mdogo kuliko wote asihesabiwe kabisa, huyo awe nyongeza. Mahona akaapa kwamba hajawahi kutukanwa hivyo, akaanza kuwafunga samaki kwenye majani.

Mwanne alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amesimama, mkono unadondosha maji, anawatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetazama mechi.

"Mzee Mahona," alisema, "na kuvuka? Kunivusha hadi ng'ambo ile na kurudi?"

"Daraja lile pale, binti. Bure."

"Nataka kwa mtumbwi."

Macho ya Mahona yakapata uhai mpya. Alimtazama viatu, akamtazama mtandio, akalitazama Fuso kule juu, na akataja bei iliyomfanya Veridiana aangushe samaki.

Ule mvutano wa pili ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Mahona alisema mtumbwi una ufa, kwa hiyo hatari ni kubwa na bei lazima ifuate hatari. Veridiana alisema kama una ufa basi yeye ndiye alipwe kwa kumpa mtu wa kumsaidia kuchota maji. Mahona alisema mamba. Veridiana alisema mamba amewaona kwenye televisheni tu. Mahona alisema upepo utabadilika. Wote watatu wakatazama juu, jani halikutikisika. Mwisho walikubaliana kitu ambacho hakuna aliyekifurahia, na hivyo kila mmoja akaridhika.

Ilikuwa katikati ya mto, akiwa amechutama kwenye mtumbwi ambao kweli ulikuwa na ufa, ndipo Mwanne alipowaambia.

"Si maji," alisema. "Dada Veri, tatizo halikuwa maji. Mtu hahangaiki na maji hapa. Anahangaika na mwenye mtumbwi! Watu wa msafara walifika, wamechoka, mizigo mingi, mtumbwi uko upande wa pili, na mwenye nao anajua hamna pa kwenda. Hapo ndipo penye mchezo. Unapatana naye. Ukikasirika mapema, anapandisha. Ukijifanya unaondoka, anazungumzia ndege."

"Nilikuwa sizungumzii ndege kwa ujanja," alisema Mahona. "Wamepungua kweli."

"Naomba nikurekodi sauti, mzee. Uwe wewe."

Mahona aliacha kupiga kasia. Mtumbwi ukakaa palepale katikati, juu ya yale maji yasiyo na haraka.

"Hiyo nayo," alisema, "tutapatana."

Jioni ile Mwanne alirudi Tabora kwa basi, harufu ya samaki kwenye mtandio, na Veridiana akaendelea na unga wake Uvinza. Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Idrisa badala ya kumngoja aje. Alimkuta juu ya ngazi, anamalizia kuku kwenye ukuta wa mgahawa, akamwambia akiwa chini palepale, kwa haraka, yote: chai ya maziwa, ufa, perege anayehema. Alimwambia pia kwamba ile ndondo ni nzuri na siku moja wataifanya, ila si sasa, na si kwa kukimbia.

Idrisa alishuka ngazi moja moja. Kidogo alikuwa amenuna, kwa sababu alikuwa amekwisha kuchora tangazo la ndondo na lilikuwa zuri.

"Huyo mzee ana sura gani?" aliuliza.

"Koti la suti, halina vifungo. Kaptura."

Idrisa alichovya brashi, akachora mgongo wa mtu pembeni mwa kuku, kwa rangi ya kahawia, mistari mitano hivi. Mwanne akapiga makofi. Mwenye mgahawa akatoka nje akauliza yule ni nani na kwa nini anamgeuzia kuku wake mgongo.

Kabla ya kuanza kazi, Mwanne aliwaandikia wanunuzi wote. Hakuandika kwa lugha ya matangazo. Aliwaambia alikwama, akaona haya, akajificha. Kwamba mto hakuwahi kuuona na sasa ameuona. Kwamba ni mtulivu kuliko alivyodhani na mgumu kuliko alivyodhani. Kwamba utakuja, na siku ya kuja haijui, ila safari hii kila Ijumaa atawaambia umefika wapi hata kama haujafika popote. Wachache walidai pesa zao, akawarudishia. Wengi waliandika neno moja tu, sawa, au walituma picha ya punda.

Mto ulitoka mwezi mmoja baadaye, saa nne asubuhi, siku ya soko. Haukuwa na wimbi hata moja. Juu yake kulikuwa na mtumbwi, na ndani ya mtumbwi mtu aliyekupa mgongo, na ulipomwita aligeuka taratibu sana na kukutajia bei ya kukufanya ushike kifua. Kufikia mchana mafundi cherehani wa Ng'ambo walikuwa wameacha kushona. Ulisikia watu wazima wakibembeleza simu zao. Wengine walipata bei nzuri na wakatembea wamejaa majivuno. Kijana mmoja wa bodaboda alitukana mapema, akaachwa ukingoni, na ikambidi alipe punda mzima ndipo avushwe.

Veridiana alipiga simu alasiri, kutoka foleni ya chumvi, kelele za malori nyuma yake.

"Tumevuka!" alipiga kelele. "Wote sita, na mimi nikiwemo! Nimembana yule mzee hadi kaniachia Raymundi avuke bure!"

"Bure haiwezekani, dada. Sikuiweka hiyo."

"Basi mimi nimeiona. Mwanne, sikiliza. Nimewatumia picha wote kwenye kundi letu la familia. Prosperi anauliza kwa nini yeye ndiye kabeba sufuria. Uwimana amelinunua kule Kanada, anasema naye anataka kutubeba sisi, na mimi kaniweka nyuma na punda." Sauti yake ikapungua kidogo. "Tumezungumza mchana kutwa. Hatujazungumza hivyo siku nyingi."

Mwanne alikuwa amesimama kibarazani, mbele ya barabara yenye watu, simu sikioni, kichwa wazi. Alitaka kuuliza lile la Raymundi kuvuka bure, kwa kuwa lilikuwa kosa kwa vyovyote na lilihitaji kutafutwa. Akaona aliache lilivyo.

Wiki iliyofuata Mahona naye alipiga, kwa simu ya kuazima. Alikuwa na malalamiko. Abiria wa mabasi walikuwa wakisimama darajani na kuteremka hadi kwake, watu asiowajua, wanamwita kwa jina, wanashika kifua kabla hata hajataja bei, na wote wanataka kuvushwa kwa mtumbwi ilhali daraja lipo.

"Biashara si imekuwa nzuri, mzee?"

"Nzuri," alikiri Mahona. "Lakini umenifanya mwepesi mno. Mimi siteremshi bei haraka hivyo. Ongeza ugumu."

Mwanne aliahidi kuongeza. Kisha akakaa chini, akavuta kompyuta yake karibu na ndoo za asali. Shangazi Najiat alimletea chai na kumwuliza, kama mji mzima ulivyomwuliza tangu asubuhi, Ujiji ni lini.

"Sijui, shangazi," alisema Mwanne. "Nikifika Uvinza nitakwambia. Kwanza nikamwone dada Veri anavyopakia chumvi."